Ncha ya Mshipi Iliyokataa Kukatika

Hasira zangu mnazozisema zina mwalimu wake, naye ni Mdachi mmoja wa boma la Mpwapwa. Yule bwana alikuwa mtu wa kupiga. Maji ya kuoga yakichelewa, mpishi anapigwa. Nyumbu akichechemea, mchunga nyumbu anapigwa. Mbwa wake akiharisha, basi jamani, kila mtu atafute pa kujificha. Kiboko kilitundikwa mlangoni pa ofisi yake na hakikupata nafasi ya kukauka.

Kaka yangu, mtoto wa mama yangu, alikuwa amekamatwa kwa kazi ya barabara. Siku ya tatu akasikia ng'ombe wetu hawajanywa maji, akatoroka kwenda kuwanywesha. Askari wakamrudisha na mnyororo shingoni. Hukumu ikawa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, mara mbili: ya kwanza siku ile ile, ya pili baada ya wiki mbili, ili mgongo uanze kufunga ndipo upasuliwe tena. Nilimwona baada ya ile ya kwanza. Nyama ilikuwa wazi, nzi wamejaa, usaha unanuka mpaka nje ya gereza. Nilijua ya pili itamuua. Sikukisia, nilijua.

Nikaenda kumwombea msamaha. Nilimkuta Mdachi kwenye kijito kinachoshuka milimani, amesimama majini hadi magotini, anatukana kwa lugha yao. Alikuwa na ugonjwa wa kuvua samaki, tena si kwa chambo cha mnyoo kama watu wavuavyo. Ndoana zake alizivika manyoya ya sungura na uzi, zikafanana na vile vidudu vinavyoishi chini ya mawe mtoni, kisha anazizamisha zipite na mkondo mbele ya mdomo wa samaki. Ati samaki adanganyike. Na walidanganyika, hilo siwezi kulikataa.

Shida ilikuwa nyuzi. Mshipi wake ulikuwa mnene, wa hariri. Mbele ya mshipi ulifuata uzi mwembamba unaong'aa, na mbele ya huo ncha nyembamba zaidi, ndipo ndoana. Hizo nyembamba zilitoka Ulaya, zimetengenezwa kwa utumbo wa kiwavi, na jua la Ugogo lilikuwa limezikausha hata zikawa zinakatika kama majani makavu. Kwenye kidimbwi chini ya mwamba alikaa kuyu mkubwa, samaki wa magamba mapana, na asubuhi ile alikuwa ameshakata ncha mbili akaenda zake. Mpishi alikuwa ukingoni, damu inamtoka puani, kwa sababu ndiye aliyelibeba sanduku la nyuzi.

Nikapiga magoti nikaeleza shida yangu. Mdachi hata hakugeuka. Mpishi, Mungu amrehemu, akamwambia kwamba mimi ni mtega kanga na kamba zangu zinajulikana mpaka Kibakwe. Hapo ndipo akanitazama. Akanitupia nyuzi zake usoni, akaniamuru nimtengenezee ncha mpya na namna ya kuiunga, niilete kesho asubuhi.

"Samaki akitoka, ndugu yako hapigwi," akasema. "Lakini ncha iwe dhaifu kuliko vyote. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nilisikia lile la kwanza tu.

Nikakimbia nyumbani. Nilikuwa na singa za mkia wa ng'ombe, nyembamba, na singa za mkia wa twiga, nene, ambazo ukimtegea digidigi atakufa yeye kabla hazijakatika. Ule utumbo wa Ulaya nikauloweka kwenye kibuyu mpaka ukalainika, nikausokota mara tatu. Ikabaki kuunga. Fundo la uzi kwa uzi halikushika, maana singa ni ngumu, inateleza. Kitanzi ndani ya kitanzi kilishika, lakini kiliacha kinundu kikubwa ambacho kingezoa kila jani la mtoni. Mke wangu akavua bangili yake ya waya wa shaba bila kuombwa. Nikakata kipande, nikakizungusha kwenye mwiba mpaka kikawa kipete kidogo kama punje ya mtama. Uzi wa bwana nikaufunga upande huu, singa upande ule, na kila fundo nikalilowesha mate kabla ya kulikaza. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kipete kikashika.

Sasa ncha yenyewe. Bwana alitaka dhaifu. Kamba hukatikia pembamba, kila mtu anajua, na mimi mtega kanga tangu lini nikaweka pembamba kwa makusudi? Mtego ukikatika watoto wamelala njaa. Tena huyu hakuwa kanga, ulikuwa mgongo wa kaka yangu. Nikaweka singa ya twiga. Moyoni nikamdharau yule Mdachi, nikasema huyu mpumbavu anapenda kupotewa na samaki.

Asubuhi alikigeuzageuza kile kipete, akaguna. Akaniuliza kama ncha ni dhaifu. Nikasema ndiyo, bwana mkubwa, dhaifu kabisa.

Kuyu hakuchelewa. Mshipi ulisimama, kisha ukakimbia. Mdachi alikuwa akivua kwa ufito wa vipande vya mianzi vilivyogundishwa, umetoka kwao, na alikuwa akiulaza kitandani pake kama mke. Ukapinda, ukapinda tena, samaki akaingia chini ya mwamba, na singa yangu ikakataa kukatika. Ufito ukavunjika katikati kwa mlio wa bunduki. Nikaelewa pale pale. Ncha dhaifu ilikuwa ya kuukinga ufito.

Nikajitupa majini. Niliushika mshipi, nikauviringa mkononi, ukanikata mpaka kwenye mfupa, nikavuta. Samaki yule nilimtoa mimi. Nilimponda kichwa kwa jiwe, sijui mara ngapi, na wakati naendelea kuponda Mdachi alikuwa ananipiga usoni kwa kipande cha ufito. Jino hili lisilokuwepo liliondoka hapo. Nikamwonyesha samaki. Nikamwambia ametoka, bwana, umesema akitoka.

Akafuta mikono. Tulipofika bomani akaamuru kaka yangu atolewe gerezani na kiboko kiletwe.

"Neno langu ni neno," akasema. "Ndugu yako hapigwi. Atapiga yeye."

Nilikuwa mimi wa kupigwa, hamsa ishirini, kwa ufito na kwa uongo. Askari wakanilaza juu ya pipa, wakamtia kaka kiboko mkononi. Amri ilikuwa mpigaji akilegea, tunaanza tena moja. Akalegea. Kufika pigo la tisa kiboko kilinigusa tu kama fagio, na askari akatangaza tunaanza upya. Mwenyezi Mungu anisamehe, pale nilimchukia kaka yangu kuliko Mdachi.

Nikamwambia kwa Kigogo, "Kaka, piga. Ukinihurumia utaniua."

Akapiga. Kila alipoinua mkono magamba ya vidonda vya mgongo wake mwenyewe yalichanika, nikawa nasikia anavyoguna yeye kabla sijalia mimi. Alipiga kama mtu anayepasua kuni, moja mpaka ishirini na tano, wala hakulegea tena. Mdachi alihesabu pamoja na askari, kisha akaenda kula samaki wake.

Nyumbani mke wangu alitulaza kifudifudi kwenye ngozi moja, akatupaka samli, huyu kisha yule.  Siku ya nne kaka akaniuliza, uso umeelekea ukutani, kama aliniumiza sana.

Nikamwambia hapana, mkono wake ulikuwa mwepesi.

Akalia hadi jua likazama, kwa sababu alijua jinsi alivyonipiga.