Mkanda wa Ngozi na Kigae cha Makaa

Baba yangu alimaliza kiangazi kizima na masika yaliyofuata bila kuitaja pikipiki yangu kwa jina. Akilazimika, alisema "kile kitu". Mama ndiye aliyekuwa tarishi wetu: baba anasema zizi limebomoka upande wako, baba anasema kesho kuna kulima kwa jirani. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na zizi hilohilo, mtu akikohoa huku anasikika kule. Lakini baba hakuvuka.

Kosa lilikuwa langu, na nimechelewa kulikubali. Alinitengea ng'ombe wanne nikaolee, wote watoto wa ng'ombe mmoja mweupe aliyempenda kuliko sisi wanawe. Mimi nikawaswaga mpaka mnadani, nikawauza, nikanunua pikipiki ya mtumishi wa barabara aliyekuwa anahamishwa. Nilikuwa kijana wa kichwa kigumu. Nilimwambia mama kwamba pikipiki itazaa ng'ombe wengine, naye akayafikisha maneno hayo kama nilivyoyasema. Baba hakugomba. Aliuliza tu kama kile kitu kinakunywa maji, kisha akarudi kwenye ngoma aliyokuwa anaiwamba. Angenichapa fimbo ningepona upesi. Kunyamaza kule kuliniuma, na kwa kuwa kuliniuma nikajifanya sijali.

Tulikaa karibu na Bugarama. Kazi ya baba ilikuwa kuchonga na kuwamba ngoma za vikundi vya kulima, wale vijana wanaolima shamba la mtu huku wanacheza na majembe. Kazi yangu ilikuwa kupeleka dagaa, chumvi na sabuni kwa wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu. Siku hizo walikuwa wanachimba kwa sururu na moko, zile patasi za chuma za kupasulia mwamba, hata ukimkuta mtu amepata dhahabu, kwanza anakuuliza kama una chumvi. Nilijulikana. Nikifika, watu walitoka mashimoni wakiwa wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakanizunguka. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Kilichoniangusha ni cheni. Vumbi la njia ile liliitafuna mpaka ikawa inaruka meno ya spoketi, na siku moja ikakatika ikanichapa muundi. Nikaiunga kwa waya, ikakatika. Nikaiunga kwa kipande cha cheni ya baiskeli, na hilo lilikuwa wazo la kijinga ambalo hata fundi wa baiskeli alilicheka. Ndiyo ilikuwa miaka ile ya bidhaa kuadimika, sukari tunapanga foleni kwenye duka la ushirika, sasa cheni ya pikipiki utaipata wapi? Nilikwenda Kahama, nikaenda Shinyanga mjini. Muuza vipuri mmoja alinionyesha rafu zake tupu kwa mkono, kama mtu anayemtembeza mgeni shambani.

Nikarudi nikaiegemeza pikipiki ukutani. Kuku wakaanza kulala juu ya siti. Kila asubuhi baba alipita akielekea malishoni, akaitazama, akapita. Mimi nilisubiri aseme kwamba alinionya, nimjibu, tugombane, yaishe. Hakusema.

Kiangazi kilipokolea, yule ng'ombe mweupe akanasa kwenye matope ya lambo. Alikuwa mzee, hakuwa na nguvu za kujitoa. Tulimvuta kwa kamba, baba na mimi na majirani, na alipokufa baba alikaa chini kandokando ya lambo muda mrefu huku miguu yake imejaa tope. Nyama tukaila, kwa sababu nyama ni nyama. Ngozi akaiwamba juani kwa vigingi.

Wiki chache baadaye nilisikia mtu anafukuza kuku nje. Nilipotoka nilimkuta baba amechuchumaa mbele ya pikipiki. Begani alikuwa na ukanda mrefu wa ngozi nyeupe, upana wa vidole vitatu.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka." Hakugeuka. "Kile kitu kinavutwaje?"

Nikamweleza. Injini inazungusha spoketi hii ndogo ya mbele, cheni inavuta ile kubwa ya nyuma, tairi inazunguka. Akapitisha kidole kwenye meno.

"Kule kwenye kiwanda cha pamba nilikofanya kibarua kabla hujazaliwa," akasema, "injini moja ilizungusha mashine zote, safu nzima, kwa mikanda ya ngozi. Hakukuwa na meno hata moja."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia kwa mwaka mzima. Niliogopa kujibu nisije nikayafukuza.

Alichonga puli mbili za mninga, magurudumu ya kupitishia mkanda. Hakutaka spoketi zing'olewe, alizikumbatia kwa mbao kila upande na kuzibana kwa bolti nilizomtafutia, ili puli ikae juu ya meno. Mimi kazi yangu ikawa kushika na kukata bati la kava lililozuia njia. Puli zilipokuwa tayari niliona zina kitumbo katikati, nikamwambia hazikunyooka. Akanitazama kwa huruma. Kule kiwandani, akasema, puli zote zilikuwa na kitumbo, mkanda hupanda pale juu ukatulia, ukiinyoosha puli mkanda unatoka nje. Sikuamini, nikabishana naye, kwa kuwa sijawahi kuambiwa jambo nikalikubali siku hiyohiyo. Ilikuwa kweli.

Mkanda aliushonea palepale kwenye pikipiki, ukiwa umeshazungushwa, kwa nyuzi za ngozi zilezile anazofungia ngoma. Nikapiga kiki, injini ikanguruma, nikaweka gia, nikaachia klachi. Puli ya mbele ikazunguka ndani ya mkanda, na pikipiki ikabaki pale pale. Watoto wa jirani wakacheka. Mimi nilitamani kuipiga teke.

Baba aliingia jikoni kwa mama, upande wangu wa zizi, akatoka na kigae cha makaa. Akakiweka chini ya mkanda, akakaa, akawa anausogeza mkanda polepole kwa mkono ili joto liufikie wote. Ndivyo alivyofanya na ngoma kabla ya vijana kwenda kulima: ngozi ikipata unyevu hulegea, ikipata moto hukaza. Kila baada ya muda aliugonga kwa kidole na kuinamisha kichwa.

"Bado," akasema. Akagonga tena. "Bado." Kisha akagonga, akasikiliza, akaondoa kigae. "Tayari."

Niliachia klachi nikaondoka kama niliyesukumwa. Nilizunguka zizi mara tatu, na mbwa wote wa mtaa walinifuata kwa ajili ya harufu ya ngozi.

Basi kesho yake nikafanya ujinga wangu. Cheni nilizoea kuipaka grisi, nami nikaona mkanda mpya hauwezi kunyimwa. Nikaupaka kwa upendo, ndani na nje. Ulipoteleza nikaongeza. Baba alipofika akagusa, akatazama vidole vyake, akanitazama mimi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mama akatoka kuona kuna nini, akamkuta mumewe anafuta machozi na mimi nimesimama na kopo la grisi. Tulishinda siku nzima tukiusugua kwa majivu. Mwisho akaupaka ulimbo upande wa ndani, ule tuliokuwa tukitegea ndege, ukashika.

Kuanzia hapo alivuka zizi kila asubuhi ya safari. Umande wa usiku ulitosha kuulegeza mkanda, kwa hiyo kabla sijaondoka ilibidi upashwe moto, na mwenye sikio la kujua ulipofika alikuwa yeye. Alikuja na kigae chake, akachuchumaa, nami nikachuchumaa upande wa pili. Mambo yote ninayoyajua kuhusu baba niliyapata pale. Kwamba kiwandani alilala kwenye marobota ya pamba. Kwamba alitaka kununua baiskeli kwa mshahara wa kwanza, na babu akamlazimisha kununua ndama. Alinieleza hilo huku anausogeza mkanda, bila kunitazama. Ndama yule ndiye aliyemzaa bibi yake ng'ombe mweupe.

Mara moja alipanda nyuma, akidai anataka kuusikiliza mkanda ukiwa njiani. Alivaa koti lake la kanisani. Tulikuwa tumekaribia Bulyanhulu mvua ya kwanza ya msimu ilipotukuta, ngozi ikalegea ikaning'inia, na kwa kuwa chumvi ilikuwa imeshayeyuka, tukasukuma pikipiki kurudi nyumbani, mimi kwenye usukani na yeye kwenye keria, koti limemganda mwilini. Nilikuwa na hasira za mzigo wangu wa chumvi. Yeye alikuwa anaimba. Leo ningetoa hata nyumba hii nisukume tena kilomita zile.

Masika yalipoingia, mchimbaji mmoja aliyekuwa na ndugu upande wa Burundi akaniletea cheni mpya, imefungwa kwenye karatasi yenye mafuta. Sikulala kwa furaha. Nilifungua puli jioni ileile, nikakuta meno ya spoketi mazima kabisa, nikafunga cheni, nikaizungusha kwa mkono kusikia inavyolia.

Asubuhi baba alikuja na kigae. Nilikuwa nimeshafunga mzigo na injini inanguruma.

"Baba, leo hatuhitaji moto," nikamwambia. Nilisema kwa majivuno, nikimwonyesha cheni.

Akasimama akiwa amekishika kigae kwa majani mikononi. Akaitazama cheni kwa makini, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

"Ni nzuri," akasema. "Hii haitakulaza njiani."

Akayarudisha makaa jikoni kwa mama. Alipopita tena alichukua mkanda uliokuwa umelala juu ya kuni, akauviringisha, akavuka zizi kwenda kwake. Mimi nikaondoka, na nilifika Bulyanhulu mapema kuliko siku zote.

Hakugomba na hakununa. Nikienda kwake alinikaribisha, tukala, akaniuliza habari za njiani. Hata ng'ombe wa mahari alinipa wengine, nikaoa. Lakini asubuhi hakuja, maana aje kufanya nini? Mimi nikaona ni kawaida. Ilinichukua mwezi mzima kugundua kwamba kilichonikosesha raha siku zile ni kukosa kule kuchuchumaa pale, na nilipogundua nilikwenda kwake kama mtoto aliyevunja kitu. Nikamdanganya kwamba cheni inapiga kelele, anirudishie mkanda.

Alinionyesha ngoma iliyokuwa kwenye kona. Alikuwa ameuchana mkanda vipande vyembamba vyembamba, akafungia ngoma hiyo.

"Nilidhani umemalizana nao," akasema.

Ngoma ile ninayo mimi. Pikipiki ilishakuwa chuma chakavu zamani, na baba tumemzika kandokando ya zizi. Asubuhi zenye umande huwa naweka makaa kwenye kigae, naisogeza ngoma karibu, naigonga kwa kidole, nainamisha kichwa kama yeye. Nasikia sauti tu. Asubuhi zote zile sikujifunza ipi ni bado na ipi ni tayari, kwa sababu nilijua kesho atakuja mwenyewe kuniambia.