Ukungu wa Fundi Tatsugoro

Fundi Tatsugoro wa mtaa wa Asakusa hakumwamini mtu, na wenzake wa kuchapa picha kwa mbao zilizochongwa walimwona ana akili. Mchoraji huchora, mchongaji huchonga, mchapaji huchapa, na kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba wale wawili wameiharibu picha. Jina linalosomeka ni la mchoraji.

Kwa hiyo mchoraji mwenyewe, Mwalimu Ikegaya, alipopita kumsifu, Tatsugoro alijua kuna jambo.

"Fundi, ule ukungu wa mto Sumida pichani! Safari hii nimeutazama nikasikia baridi. Jumamosi nakuja nikae hapa nione unavyoupata."

Tatsugoro akainama, akashukuru. Ukungu haukuwa wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka tangu majira ya baridi, naye aliuficha ndani ya kimono kama mtu anayewaza. Kusugua karatasi juu ya ubao aliweza bado, maana mkono unaegemea ubao. Lakini ukungu unataka brashi yenye rangi upande mmoja na maji upande wa pili, ivutwe mara moja bila kusita. Tena picha zile zilipochapwa alikuwa kalala na homa. Mkewe, Oshige, alimwambia kuwa ni yeye mwenyewe Tatsugoro aliyezimaliza kabla hajaugua, naye akakubali. Mgonjwa hakatai sifa.

Mchapishaji anayempa kazi angegundua kuna mkono mwingine, mbao zote za kuchapia zingehamia kwa mwenye mkono huo.

Akaanza kwa kumshuku Genzo, jirani wa kichochoro cha pili, ambaye walijifunza naye kazi wakaja kukosana juu ya rangi ya buluu. Alimkuta kwenye bafu la mtaa, maji shingoni.

"Genzo, siku hizi unachapa ukungu?"

"Nachapa karatasi za kubandika kwenye chupa za soya, mzee. Umekuja kuoga au kupeleleza?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na kuoga, unanuka."

Nyumbani alikagua kisahani chake cha kusugulia karatasi, kile kinachofungwa kwa ganda la mwanzi. Kila mchapaji hufunga chake, na hakuna anayegusa cha mwenzake. Afadhali aazime mswaki. Ganda lilikuwa jipya, na ncha zake zilisokotwa kinyume, kwa mkono wa kushoto. Genzo hutumia kulia. Tatsugoro akamwaza sana mwizi huyu anayeingia, anafanya kazi ya watu, anatengeneza kifaa, kisha anaondoka mikono mitupu.

Jikoni Oshige alikuwa akikata figili. Kwa mkono wa kushoto, kama alivyokata kila figili tangu waoane.

Tatsugoro akasimama mlangoni, kisahani mkononi.

"Oshige, figili umeikata vizuri."

"Miaka yote hii ndiyo unaiona leo? Una njama gani?"

"Jumamosi Mwalimu anakuja kuutazama ukungu."

Kisu kikasimama.

"Nani alikufundisha?" Tatsugoro akauliza.

"Nakuloweshea karatasi za kuchapia tangu nije hapa. Ulidhani nafumba macho?"

Jumamosi Mwalimu Ikegaya alifika na mto wake wa kukalia. Tatsugoro akachapa mistari, akachapa mashua, akachapa maji. Kisha akasimama.

"Hapa tunafunga mlango, Mwalimu. Ukungu ni siri ya nyumba."

"Hata kwangu? Picha ni yangu!"

"Hasa kwako."

Tatsugoro akabeba ubao hadi chumba cha ndani; Oshige akapita na sinia la chai, akamfuata, akaufunga mlango wa karatasi nyuma yake. Mwalimu akabaki nje bila kikombe, sikio mlangoni. Brashi ilipita mara moja tu. Tatsugoro alipotoka na picha, ukungu ulikuwa umelala juu ya mto kana kwamba hautaki kuamshwa.

Mwalimu akainusa picha.

"Mnatia chai kwenye rangi. Sivyo?"

Tatsugoro akatazama chini, mkono kimononi. "Usimwambie mtu, Mwalimu."

Mwalimu akaapa. Baada ya wiki Genzo akamsogelea bafuni, akamnong'oneza, "Mzee, ni chai gani hasa?"

"Nani kakwambia?" akang'aka Tatsugoro, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi alioga kwa raha.

Siku hizi kuna visahani viwili kwenye rafu ya kazi. Cha kushoto Tatsugoro hakigusi.