Fundi wa dohani aliyeogopa jiko lisilo na moshi

Saa mbili asubuhi, giza la Februari ndiyo kwanza linaanza kuviachia vilima vya jimbo la Mayo. Attracta Ruane yuko kwenye usukani wa gari lake dogo la kazi, lakini macho yake hayatulii barabarani. Yanapanda juu ya mapaa.

"Kwa Gaughan moshi unafuka. Kwa mwalimu unafuka," anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu vifaranga. "Kwa Barrett... Kwa Barrett kuna nini?"

Anapunguza mwendo. Pazia la jikoni linafunguliwa, mkono unapunga. Attracta anashusha pumzi na kukanyaga mafuta.

Ana miaka 54, na kazi yake ni kusafisha dohani, yale mabomba yanayotoa moshi wa meko juu ya paa. Katika pembe hii ya magharibi ya Ireland mvua haina msimu, maana misimu yote ni yake. Kila nyumba ina moto, na kila moto una masizi.

"Kiwanda cha samaki kilipofungwa nilibaki na mikono miwili na gari la marehemu mume wangu," anasimulia. "Nikanunua brashi. Watu wakanicheka wiki nzima. Halafu dohani ya padri ikashika moto, wakaacha kucheka."

Hutoza euro 60 kwa dohani moja. Kuanzia Septemba hadi Krismasi hapati hata nafasi ya kunywa chai akiwa ameketi, na kiangazi kikifika simu inanyamaza kabisa.

Leo anaanza kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Kabla hajafungua mfuko wa brashi, anapiga magoti nyuma ya kochi na kuingiza vidole kwenye tundu la hewa ukutani. Anavuta soksi. Inafuata soksi ya pili, kisha sweta zima la mtoto.

"Nani kaziba?"

"Upepo, Attracta! Ungekuwa unalala hapa wewe, ungeziba hata kwa mkate."

"Moto unapumulia hapa, mama. Ukiunyima pumzi, unachukua ya mwanao."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hawakuwa na moto ndani ya sebule iliyofungwa kila upande. Mama anaziokota soksi.

Familia hii inataka jiko jipya la kupashia nyumba joto, na wamekwisha chagua kubwa kuliko yote dukani. Attracta anatazama sebule, anatazama picha ya jiko, anacheka. "Mnapasha nyumba au kanisa?" Anaeleza kwamba jiko kubwa katika chumba kidogo huwachoma wenye nyumba, nao hulibana hewa ili lipoe. Moto uliobanwa haufi, unanuna, na kununa kwake ndiko moshi na lami ndani ya bomba. Afadhali jiko dogo linalowaka wazi, kwa kuni zilizopasuliwa na kukaushwa chini ya paa kwa viangazi viwili.

Lipo jiko la kuni tupu, ambalo moshi wake ni kidogo mno. Lipo pia lenye wavu chini, la kuchanganya kuni na vitu vingine vya kuchoma, kwa wale ambao roho yao haiwezi kuachana na mboji. Hii ndiyo mboji ya kinamasi, udongo unaowaka moto, inayokatwa kama matofali na kuachwa ikaukie kwenye upepo wa kiangazi. Babu zao waliota moto wake, na wao wanaota.

Attracta anayasema haya bila kusita, huku brashi ikipanda na kushuka. Ushauri kwa wengine haumsumbui. Kuchagua jiko la mama yake mzazi ndiko kulikomkosesha usingizi miezi miwili. Mganga hajigangi.

Mama huyo ni Bi Delia, mwenye umri wa miaka 82. Anaishi peke yake mwisho wa barabara ya Derrybaun, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mjini anakokaa Attracta. Mpaka majira haya ya baridi alikuwa akiota meko ya wazi. Hajavuta sigara hata moja maishani, lakini daktari aliyetazama picha ya mapafu yake aliuliza alikuwa anavuta paketi ngapi kwa siku. Kutoka jikoni hadi getini ilimlazimu asimame mara mbili kutafuta pumzi.

"Nilimpelekea kuni kavu, nimezipasua mwenyewe," anasema Attracta. "Lakini kila nikisafisha dohani yake nakuta lami nzito kama asali. Nikamuuliza, mama, unachoma nini? Akanijibu, nachoma ulichoniletea. Hakudanganya. Hakusema yote tu."

Yote aliyajua Novemba, siku alipofika mapema kumchukua mama yake kwenda kliniki. Alimkuta na gauni la kulalia, koti la marehemu baba juu yake. Bi Delia aliinama kwenye ndoo iliyofichwa nyuma ya mlango, akatoa vipande viwili vya mboji mbichi na kuvitua juu ya moto. Moshi ulijaa chumba. Alikohoa mpaka akashika meza.

Kisha alifungua mlango wa nyuma, akatoka mvuani na kutazama juu ya paa lake. Aliporidhika na wingu lililokuwa linapanda, aligeukia ng'ambo ya kinamasi, kwenye nyumba ya jirani yake Festy Padden, ambako moshi mwingine ulikuwa unapanda.

"Mama! Unafanya nini?"

"Namwambia Festy niko hai."

"Si umpigie simu!"

"Simu saa hizi? Ikilia tu, atadhani nimekufa."

Mtu asiyeishi huku anaweza kulicheka jibu hilo. Wanaoishi huku hawacheki, kwa kuwa wanamkumbuka Sabina McHale.

Sabina alisoma darasa moja na Bi Delia. Watoto wake, kwa mapenzi yao yote, walimwekea mtambo wa mafuta wa kupasha nyumba joto. Hakubeba tena kuni wala hakuzoa majivu, na juu ya paa hapakuonekana kitu. Januari moja alianguka jikoni. Majirani walipita, wakaona paa safi kama lilivyokuwa jana na juzi. Alikutwa siku ya tatu, bado anapumua, akafariki hospitalini wiki iliyofuata.

"Mama alilisikia jina lake kwenye redio ya mkoa, asubuhi, wanaposoma matangazo ya vifo," anasema Attracta. "Alizima redio. Akaenda kuongeza mboji."

Tangu siku ile ya ndoo, Attracta akawa mtu wa hofu mbili. Usiku aliwasha taa na kufungua orodha za majiko, akazifunga, akazifungua tena. "Moshi unamuua taratibu, naona kwa macho yangu, na ndiyo kazi yangu kuuona," anasema. "Nikiuondoa, siku akianguka hakuna atakayejua. Nichague lipi?"

Jiko la mchanganyiko lingemwachia mboji yake. Lakini Attracta alimjua mama yake: angelijaza mboji mbichi, alibane hewa usiku kucha, na mambo yawe mabaya kuliko mwanzo. Jiko la kuni tupu lingewaka bila moshi unaoonekana, ukiacha dakika chache za kuliwasha. Uzuri wake ndio uliomtisha.

Alijaribu njia nyingine. Alimnunulia kitufe cha kuvaa shingoni, cha kuitia msaada. Bi Delia alikiacha juu ya kiti, mbwa wake akaenda kukilalia kikabonyea, gari la wagonjwa likaja na king'ora mpaka mlangoni. Alimwomba ahamie mjini.

"Nihamie kwako nikafanye nini?" alijibu mama. "Nikae dirishani nikikusubiri urudi na masizi puani?"

Uamuzi ulifanyika Januari, kifua cha Bi Delia kilipojaa akalazwa. Daktari alimvuta Attracta kando na kumwambia kwamba kifua kile hakitastahimili tena hali kama hiyo. Attracta alirudi kando ya kitanda na kumweleza mama yake bila kupamba.

"Weka," alisema Bi Delia. "Lakini ujue, ukiniwekea jiko lisilo na moshi, umenitoa machoni pa watu."

Maneno hayo Attracta anasema aliyabeba pamoja na vifaa siku ya kufunga jiko. Alichagua dogo la kuni tupu, saizi ya chumba. Aliingiza bomba jipya ndani ya dohani ya zamani, akatoboa tundu la hewa na kulifunika kwa chuma ambacho hakiwezi kumeza soksi, akatundika king'ora cha kutambua hewa ya sumu ya motoni isiyo na harufu. Ndoo ya mboji aliiondoa mwenyewe.

Badala ya moshi, walikubaliana alama. Kila asubuhi Bi Delia angetundika blanketi jekundu getini. Attracta alikwenda kwa Mzee Festy, ambaye ana miaka 79 na masikio yanayosikia kwa hiari yao, akamweleza. Akamweleza mara ya pili. Mzee aliitikia kwa kichwa kwa heshima zote.

Asubuhi ya kwanza, Attracta alipiga simu ya nyumbani kwa mama yake kutoka mjini. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hajui aliendeshaje gari.

Alipofika juu ya kilima aliliona paa la kwao. Dohani ilikuwa safi, hewa juu yake haina hata uzi wa moshi. Akatazama geti. Halikuwa na blanketi, na lilikuwa wazi.

"Haya niliyafanya kwa mikono yangu," anasema. "Ndilo wazo pekee lililonijia. Nilishuka, nikaita mama tangu barabarani, kama mtoto."

Mlango nao ulikuwa wazi. Mezani aliketi Mzee Festy, suruali ya kulalia imeingizwa ndani ya gambuti, tope hadi magotini, blanketi jekundu mabegani. Alikuwa bado anahema kuliko mgonjwa. Bi Delia alikuwa anakaanga mayai.

"Mtazame mwendawazimu huyu," alisema bila kugeuka. "Kakatiza kinamasi kizima. Nilikuwa nimeshika blanketi naenda getini, akaniangukia mlangoni."

"Sikuona moshi!" Festy alifoka.

"Si umeambiwa mara mbili utazame blanketi, we mzee?"

"Nani anatazama blanketi? Mimi natazama moshi wako tangu mumeo yu hai!"

"Mama, nimepiga simu," Attracta alisema.

"Nimeisikia. Nilikuwa na mgonjwa."

Attracta aliketi juu ya boksi la kuni akalia, na hakujali nani anamwona. Bi Delia alimwekea yai la kwanza yeye, la pili akampa Festy.

Ni siku ile Attracta alipojua jambo jingine. Festy alikuwa hajakanyaga nyumba hiyo tangu mazishi ya mume wa Bi Delia, miaka kumi na miwili iliyopita. Hapakuwa na ugomvi. "Akiuona moshi wangu anaridhika, anarudi kwenye chai yake," Bi Delia alimwambia binti yake baada ya mzee kuondoka. "Na mimi hivyo hivyo. Ungekuja kufanya nini, na habari umeshaipata?"

Sasa moshi haupo, na blanketi mzee hataki kulitambua. Kwa hiyo anakuja. Kila asubuhi, kwa njia ya barabara siku hizi, anasukuma geti na kuuliza tangu nje, "Bado uko?" naye anajibiwa, "Futa miguu." Anapewa yai na mkate wa magadi. Bi Delia analalamika juu ya tope na amekwisha nunua kikombe cha pili.

Anakohoa kidogo kuliko zamani. Daktari hajaahidi kitu, na Attracta naye hajiahidi. Bado analala na simu mkononi, na bado anahesabu mapaa akiwa njiani.

Hofu yake imepiga hatua moja tu, imevuka kinamasi. Kwa Festy meko ni ya wazi, mboji haijakauka, na tundu la hewa limeshindiliwa kofia. Wiki iliyopita, mezani kwa mama yake, alimwambia mzee kwamba naye anahitaji jiko kama hili. Festy alicheka mpaka makombo yakamtoka.

"Na siku nikishindwa kufika hapa? Moshi sina, blanketi sina. Nani atajua?"

Bi Delia alikuwa anaosha vyombo. "Nitakuja mimi," alisema.

Hapakuwa na aliyecheka. Januari mwanamke huyu hakuweza kufika getini kwake bila kusimama mara mbili, na nyumba ya Festy iko mbali kwa mtu wa mapafu yale. Lakini tangu siku hiyo, jioni mvua ikinyamaza, mama na binti wanatoka. Wanafuata nguzo za umeme kandoni mwa barabara, wanasimama kila pumzi inapokatika. Juzi walifika nguzo ya pili. Zilizobaki Attracta hataki kuzihesabu.

Mpango wake ni kulifunga jiko la Festy Septemba, kabla baridi haijarudi. "Si kabla mama hajaweza kufika," anasema, akifunga mfuko wa brashi. "Siwezi kumtoa mtu mwingine machoni pa watu mpaka nijue nani atamwendea."

Jiko amekwisha liagiza. Festy bado hajaambiwa. Bi Delia ameambiwa, na ameomba anunuliwe gambuti.