Kocha Aliyetumwa Jikoni

Mwenzetu mmoja wa Thamesmead amefariki. Moyo, walisema, ulisimama akiwa anasubiri basi la kwenda kazini, kwenye nyumba ya wazee ambako alikuwa akiwaogesha na kuwalisha watu waliomwita "yule mrefu", hata baada ya miaka minane. Wengi wenu mlimwona kwenye misiba ya watu, akiinama kupita mlangoni. Wachache walijua kwamba kabla ya London alikuwa kocha wa mpira wa kikapu Amerika. Mimi nilijua, ingawa sikuwa mtu wa kuambiwa mambo hayo: shuleni mchezo pekee nilioumudu ulikuwa kuandika udhuru wa kutocheza.

Alitoka Musoma kwa ufadhili wa masomo, akakichezea chuo, na alipomaliza wakampa ukocha msaidizi. "Kazi yangu ilikuwa kula," aliniambia, nami nikacheka, nikidhani ni utani wa watu wa ziwani. Haukuwa utani. Wachezaji karibu wote walikuwa weusi. Kocha mkuu alikuwa mzungu, na waliokaa naye kupanga mbinu walikuwa wazungu. Yeye alitumwa kwenye nyumba za vijana weusi wenye vipaji, akae jikoni kwa mama, amalize sahani na kuahidi kwamba mtoto atapata digrii. Wengi hawakuipata. Kijana akivunjika goti ufadhili haukuhuishwa, na simu ya mama ilikuja kwake, si kwa mkubwa. Mkubwa alipostaafu, mwenzetu aliomba kiti chake. Wakamwambia hawawezi kumpoteza, kwani hakuna anayezungumza na akina mama kama yeye. Kiti akapewa kijana wa kizungu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. "Matusi ya jukwaani unaoga yanatoka," alisema. "Sifa kama zile hazitoki." Akafunga mizigo, akaja London.

Mwishoni mwa miaka ya tisini alinipigia simu nimpeleke Peckham kwa gari langu, ambalo wakati ule lilikuwa bado linakubali kwenda mahali. Mama mmoja wa Bukavu, msafishaji wa ofisi, alikuwa amepata mgeni: msaka vipaji kutoka chuo cha Amerika, aliyemtaka mwanawe wa kwanza akacheze kikapu. Mama alitaka mtu wa kumsaidia Kiingereza. Tulimkuta mgeni jikoni, mwanamume mweusi mwenye suti nzuri, akimalizia sombe, kisamvu cha kwao mama, kwa kijiko na kumwita mwenye nyumba "Mama", kwa Kiswahili, neno ambalo bila shaka alijifunza mlangoni. Mwenzangu alisimama akimtazama kwa muda mrefu, hata nikadhani wanafahamiana.

"Kijana akiumia," alimwuliza kwa Kiingereza, "mtamlipia masomo mpaka amalize?"

"Tunawatunza vijana wetu."

"Sikuuliza hilo. Imeandikwa?"

"Ufadhili ni wa mwaka mmoja mmoja. Vyuo vingi ni hivyo, kaka."

"Na wewe, utakuwa pale mwaka wa pili? Nani atapokea simu ya mama huyu?"

Mgeni aliweka kijiko chini. "Nisipopeleka vijana," alisema polepole, "sina kazi. Nawe unaonekana unajua."

"Najua. Nilikuwa wewe."

Akamgeukia mama, akamweleza yote kwa Kiswahili, bila kupamba: asiseme ndiyo mpaka chuo kiandike kwamba kitamsomesha mwanawe hata akiumia. Mama alisikiliza akikunja kitenge chake magotini. "Papa," alisema, "miye nilisha kutoa ushuhuda Jumapili. Kanisa yote ilisikia. Nirudi niseme nini? Mungu alikosea adresi?"

"Sema unasubiri."

"Kusubiri ni kukosa imani. Na weye, Amerika ilikukatala, sasa hutaki mutoto wa mwingine aende. Hiyo ni wivu."

Mwenzangu akamuaga. Kwetu anayemzuia mtu kusafiri hana utetezi. Hata akileta mashahidi, ni mwenye wivu tu. Ndani ya gari alisema jambo moja: "Yule jamaa alikula vizuri." Kijana akaenda. Msimu wa pili goti likaachia, ufadhili ukaisha, na msaka vipaji alikuwa amekwisha hamia chuo kingine. Kijana alirudi bila digrii, na leo anapanga bidhaa kwenye supamaketi, akichechemea.

Tunapozungumza ubaguzi katika michezo tunafikiria mashabiki wanaotukana, na hao wapo. Lakini mashabiki hawamwajiri mtu. Marehemu alinifundisha kutazama kazi zinavyogawanywa: nani anakimbia, nani anachora mbinu ubaoni, na nani, kwa sababu ya rangi yake, anatumwa kubisha hodi kwetu ili tufungue bila kuuliza. Ubaguzi wa aina hiyo una adabu. Unamaliza sahani na kuosha mikono.

Msibani mama yule alisimama bila kualikwa. "Nilimwita mwenye wivu mbele ya watu," alisema. "Basi mbele ya watu naomba anisamehe." Akakaa. Mwanawe, kando yake, alikuwa akitazama viatu vyake. Mchungaji akaomba wimbo.

Juzi baba mmoja wa Ilford alinipigia simu. Binti yake ni mkimbiaji, chuo cha Amerika kinamtaka, na mgeni anakuja Jumamosi. Anauliza kama namfahamu mtu anayejua kuongea na watu hao. Nilimwambia tumemzika. Kisha nikampa maswali yale yale, mimi nisiyejua mbio wala mpira, nikamsihi asitangaze kanisani kabla hajapata majibu yaliyoandikwa. Akasema wameshatangaza. Nikamwambia aulize hivyo hivyo, mbele ya chakula, na aibu iwe ya anayeulizwa. Mungu hachukii shukrani iliyochelewa. Ni sisi tunaoogopa majirani.