Ng'ombe Aliyekumbuka Njia ya Mto

Sukari ilipopamba moto, mume wangu alipanda miwa mpaka ukutani mwa jiko. Malisho yakaisha, na njia ya kushukia mtoni ikamezwa. Ng'ombe wetu, aliyezoea kwenda mwenyewe kunywa maji, akafungwa kamba nyuma ya nyumba, akilishwa vilele vya miwa na makaripio yangu.

Lakini saa yake hakuisahau. Jua likianza kuegemea alisimama, akaelekeza uso kwenye miwa upande wa mto, akalia. Nilimwekea maji kwenye karai; aliyanusa tu. Aliyanywa baadaye, saa ya mto ikishapita. Mume wangu alicheka.

"Ng'ombe hajuangi saa," alisema. "Anajuanga tumbo."

Mimi sikucheka, maana tulikuwa wafungwa wawili. Ng'ambo ya mto ule, upande wa Shinyalu, ndiko kwetu, na habari zilikuwa zimenifikia kwamba mama ameanza kusahau mambo. Nilitaka anione kabla hajanisahau mimi. Kila nilipoomba ruhusa niliambiwa ningoje miwa ikatwe. Leo palizi, kesho mbolea, keshokutwa kulinda shamba lisichomwe. Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na wao hawakuwahi hata kulima miwa, zao linalokaa shambani mpaka mtoto azaliwe, atambae, akimbie. Yetu ilikomaa, ikangoja trekta za kiwanda hadi ikatoa maua. Nilimchukia kila mtu aliyekunywa chai tamu.

Siku wakataji walipomaliza, nilimfungua ng'ombe. Hakusita hata kidogo. Alishuka katikati ya shamba tupu, akikata kona palipokuwa na kona zamani, akizunguka mahali pa kisiki kilichong'olewa kitambo. Kwake ilikuwa kama alikunywa huko jana. Nilimfuata nikilia kwa furaha, na alipoinamia maji nikamwacha hapo, nikavuka bila kumwomba mtu ruhusa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, anapukuchua mahindi. Aliniangalia usoni kwa muda, akatabasamu, akanisogezea kigoda kizuri. Aliniuliza kama huko nilikotoka mvua imenyesha. Nikamjibu kwamba imenyesha. Kisha akamwita mke wa kaka yangu, aliyekuwa jikoni.

"Kamata ingokho," alimwambia, akimwonyesha kuku aliyekuwa akidonoa punje. "Tuko na mgeni."