Mrija wa Echodu

Kila jioni akitoka relini, Echodu mshika bendera aliushusha mrija wake kutoka darini, akauosha, akaupuliza hadi pumzi itokee upande wa pili. Hapo ndipo alipoenda kwa mama Akiror kunywa ajono, pombe ya ulezi inayotiwa maji moto katika chungu kimoja na kunyonywa na wengi kwa mirija. Kule Malaba kila mtu mzima ana mrija wake. Ukitoka nje ukauacha chunguni, watu wanajua unarudi.

Kando ya chungu, yeye na rafiki yake Oluka walicheza chesi. Mwaka ule wa sabini na nne, ligi ya vilabu vya mpakani ikielekea mwisho, Echodu alikuwa na siri: kuanza mchezo kwa kumtoa askari wa karibu na mfalme aliwe bure, ili njia ifunguke, amvamie mlaji. Askari huyo wao wawili tu walimwita mbuzi wa chui, kama yule anayefungwa mtegoni. Jioni moja Oluka akagundua dawa yake: usimle, sukuma askari wa malkia. Wakacheka, wakaapa neno hilo halitoki pale chunguni.

Mechi ya mwisho ilikuwa Busia, na Methuselah, karani wa duka la jumla. Echodu akishinda, ataongoza timu ya Malaba kwenda Kisumu. Akishindwa, kiti kinamwendea wa pili, na wa pili alikuwa Oluka.

Echodu alimtoa askari wake. Methuselah hata hakufikiri. Alisukuma askari wa malkia, akatabasamu.

"Mbuzi wako wa chui simli, boss."

Watu walicheka wakidhani ni utani tu. Echodu aligeuka kumtafuta Oluka, akamkuta anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Toka hapo alicheza ovyo. Mfalme wake alibaki uchi, akanaswa chai ya wachezaji ikiwa bado moto.

Jioni wakarudi chunguni. Akiror akaongeza maji moto, akauliza mbona wana nyuso za matanga. Oluka ndiye aliyeanza: eti Methuselah angejua tu, eti mchezo ni mchezo. Echodu akamwacha amalize.

"Ungeniomba kiti, ningekupa," akasema.

Oluka alinyonya mrija wake.

Echodu akauchomoa wake, akaupuliza, matone ya mwisho yakaanguka chini.

"Baba, kwani hurudi?" Akiror akauliza.

Echodu alimuaga Akiror peke yake, akatoka. Jioni nyingi Oluka aliacha nafasi pale kando yake, lakini mrija ule haukuingia tena chunguni kwa Akiror.