Shuka zangu za harusi na wageni wa mama mwenye nyumba

Jamani, leo nimeipamba nyumba yangu ili nifukuzwe.

Asubuhi mama mwenye nyumba alinipigia simu. Alisema anakuja na mtu kuangalia dari, maana inavuja jikoni tangu mvua zianze.

Nilivyofurahi! Nikapiga deki, nikafungua mapazia, nikatandika shuka zangu za harusi.

Akaja na dada mmoja mwenye kamera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashaallah, umepapendezesha!"

Yule dada dari hakuitazama hata kidogo. Akapiga picha sebuleni, akapiga na barazani. Alipoingia chumbani akasema, "Hapa pako poa sana, wageni watapapenda. Hata hizi shuka tuziache hivi hivi."

Nikauliza, "Wageni gani?"

Mama mwenye nyumba akaanza kuipanga mito yangu.

Mwishowe akasema, "Mwanangu, hapa Diani kila mtu sasa anapangisha wageni wa siku mbili tatu. Na mimi nina watoto wa kusomesha. Tutazungumza."

Nikazivuta shuka zangu mbele yao, nikazikumbatia.

Dada wa kamera akaniomba radhi, akatoka bila kukipiga picha chumba. Mama akamfuata, na kuniaga hakuniaga.

Sasa ni jioni. Kila gari likisimama nje, nakimbilia dirishani.

Hiyo "tutazungumza" ni ya lini? Wenzangu wa Ukunda na Kombani, mwenye kujua nyumba ambayo kodi yake bado inalipika, tafadhali aniambie.